Samaki Asiye na Pa Kukimbilia

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa nchi kavu na bahari, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya kina mama, dada yetu mmoja alibaki nyuma akatuuliza swali ambalo tuliona litawafaa wengi. Mwanawe wa miaka 12 ameahidiwa na ami yake kwamba akimaliza kuhifadhi juzuu tano atanunuliwa akwariamu, yaani tangi la kioo la samaki wa baharini, wale wa rangi wakaao penye matumbawe. Mama huyu alitaka kujua mambo mawili. Kwanza, je, yafaa kumfungia samaki ndani ya kioo kwa ajili ya kumtazama tu? Pili, ikiwa yafaa, mbona samaki wa jirani yake hawamalizi mwezi?

Swali la kwanza tulimjibu papo hapo. La pili lilitunyamazisha kidogo, kwani sisi wenyewe tuna deni ndani yake. Leo, inshaallah, tutayajibu yote mawili, na deni letu tutalitaja.

Hukumu yake

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu mdogo wa kwa mama aliyeitwa Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kijindege alichokuwa akikichezea. Kijindege kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume (S.A.W.) akazungumza naye kwa upole na kumuuliza habari za ndege wake. Hakumkemea kwa kumfuga. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliiandikia hadithi hii fupi risala nzima na kutoa humo faida sitini. Miongoni mwa yale ambayo wanavyuoni wameyachukua kutoka kwake ni ruhusa ya kufuga ndege na kumweka kizimbani, maadamu halishwi dhuluma.

Upande wa pili iko hadithi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tuizingatie vizuri. Kosa lake halikuwa kumfuga paka. Kosa lake ni kwamba aliifunga milango yote ya riziki ya yule mnyama, kisha yeye mwenyewe akakataa kuwa mlango.

Basi jibu ni kuwa yafaa, kwa sharti la kumtimizia kiumbe haki yake. Na kwa samaki wa baharini sharti hili ni zito kuliko kwa mnyama mwingine yeyote wa nyumbani. Paka ukimsahau siku moja atalia mlangoni. Kuku atakwenda kudonoa kwa jirani. Samaki hana sauti wala mlango. Maji anayopumua ndiyo anayokulia, ndiyo anayojisaidia humo, na ukuta wa kioo umemzunguka pande zote. Anayemfuga paka hujitwika chakula na maji yake. Anayemfuga samaki wa matumbawe hujitwika bahari yake nzima.

Usiku wa Idi

Miaka kadhaa iliyopita sisi pia tuliweka tangi sebuleni, la lita 120. Tulilijaza maji ya bahari siku ya Alhamisi, na Jumamosi tukatia samaki watano kwa mpigo: kangaja mmoja, kitatange wawili, na wawili wadogo wenye mstari mweupe mgongoni, wale ambao baharini huishi ndani ya anemoni, kiumbe laini mwenye mikono iwashayo, bila ya kudhurika. Kabla ya wiki kwisha kitatange wote wawili walikuwa wamekufa. Tukasema ni ajali yao imefika, tukanunua wengine. Nao wakafa. Yaliyobaki yakatulia baada ya miezi miwili hivi, nasi tukajiona mafundi.

Ikaja Idi. Nyumba ilijaa wageni, na watoto wakavutiwa na samaki. Kila mmoja alitaka awalishe. Huyu alitia chembe za chakula chao, yule alitia kipande cha biskuti, wa tatu tambi. Samaki walipokuwa wakirukia chakula watoto walicheka, nasi tukacheka nao. Usiku huo, kama saa saba, umeme ukakatika, na haukurudi hadi alfajiri. Hatukuwa na pampu ya betri. Tulipoamka kwa ajili ya Sala tuliwakuta samaki wamepanda juu ya maji, vinywa wazi. Jua lilipochomoza alikuwa amebaki mmoja.

Mjukuu wetu wa miaka sita alisimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akauliza, "Babu, kama maji yalikuwa mabaya, mbona hawakwenda kwingine?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Huko baharini maji yakiharibika mahali, samaki huondoka. Jua likizidi kwenye maji madogo, huteremka kwenye kina. Allah amempa mapezi ili akimbie. Sisi ndio tuliomwondolea pa kukimbilia, kisha tukalala.

Kilichowaua ni jambo la kawaida kabisa. Chakula kilichobaki kilioza, na vijidudu vinavyokiozesha hutumia hewa ileile ya oksijeni iliyomo majini. Maji ya uvuguvugu hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na ya chumvi hushika kidogo kuliko ya kisima. Pampu iliposimama hakuna kilichoirudisha hewa. Hakukuwa na ugonjwa wowote wala kijicho. Ni uzembe wa mwenye nyumba.

Maji kwanza, samaki baadaye

Makosa yetu ya mwanzo, na bila shaka ya jirani wa dada yetu, ni haraka. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia kupitia mashavu yake na uchafu wake. Baharini sumu hiyo hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya tangi hujikusanya, na hata kiasi kidogo huunguza mashavu.

Allah ameumba bakteria ambao kazi yao ni kuila. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, na ambayo tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hukaa juu ya mawe na mchanga, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka hadi watoshe. Kwa hiyo tangi jipya huwekwa mawe, maji na pampu, hutiwa chembe chache za chakula ili zioze na kuwalisha bakteria, kisha husubiriwa. Ziko dawa za kupimia zinazouzwa kwa wauzaji wa samaki wa mapambo, ambazo hubadilisha rangi ya maji katika kichupa. Amonia na nitriti zikishapanda kisha zote mbili zikarudi sufuri, hapo ndipo hutiwa samaki wa kwanza. Hutiwa mmoja au wawili wadogo, na wengine hufuata baada ya wiki kadhaa.

Na tangi likiwa dogo kazi ni kubwa zaidi. Maji machache huharibika kwa saa chache, maji mengi hukupa muda wa kugundua kosa. Kwa anayeanza, lita 200 ni afadhali kuliko 60, hata kama bei yake inaumiza.

Chumvi na maji ya kuongezea

Sisi watu wa pwani tuna neema ambayo wafugaji wa Nairobi hawana: bahari iko mlangoni. Lakini si kila maji ya bahari ni safi. Tusichote ndani ya hori wala karibu na bandari au mabomba ya maji machafu. Tusichote wakati wa masika baada ya mvua kubwa, wala karibu na midomo ya mito. Wenyeji wa Malindi wanaijua rangi ya tope la Mto Sabaki. Tuchote maji yakiwa yamejaa, upande wa bahari wazi, tuyachuje kwa kitambaa safi na kuyaacha siku kadhaa kwenye mtungi uliofunikwa, gizani.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Kwa kipimo cha haidromita husomeka karibu 1.025. Hapa wengi hukosea. Maji hukauka kila siku, lakini chumvi haikauki nayo, hubaki. Ukiongeza maji ya bahari kufidia yaliyokauka, chumvi itazidi siku hadi siku mpaka samaki washindwe. Yanayokauka hufidiwa kwa maji matamu. Nayo yasiwe ya kisima, kwani visima vyetu vingi vina chumvichumvi na chokaa, na vingine huingiliwa na maji ya vyoo. Yasiwe ya mfereji yenye klorini pia. Yale maji yaliyosafishwa yanayouzwa mitungini mitaani ndiyo yafaayo. Tia alama kwenye kioo, na kila asubuhi uongeze hadi alama.

Kisha kila wiki toa sehemu moja katika kumi ya maji yote, tia mapya yenye chumvi ileile na joto lileile. Ni kazi ya nusu saa kwa ndoo na mpira, na ndiyo dawa bora kuliko zote zinazouzwa kwenye vichupa.

Joto, mwanga na umeme

Joto zuri ni kati ya nyuzi 25 na 27. Katika kaskazi, miezi ya Januari hadi Machi, sebule zetu huzidi 30 mchana, na tangi lililo karibu na dirisha huwa supu. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapunguza joto kwa nyuzi mbili au tatu, ingawa maji yatakauka upesi zaidi.

Matumbawe ndiyo yasiyovumilia kabisa. Tumbawe ni mnyama, wala si jiwe wala mmea. Lakini ndani ya mwili wake mna mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ambayo kwa mwanga humtengenezea sehemu kubwa ya chakula chake. Joto likizidi, mimea hiyo hutoka na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Likidumu hali hiyo, hufa njaa. Wavuvi wetu waliliona hilo mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikafa. Ikiwa bahari kuu ilishindwa, tangi la sebuleni ni nini? Kwa hiyo mwenye kuanza aanze na samaki na mawe tu kwa mwaka mzima, aache matumbawe hadi mkono wake uzoee.

Na umeme tusisahau. Pampu ya hewa ya betri, ile ndogo, haina gharama kubwa, na ingekuwepo kwetu usiku ule tungaliwaokoa. Nyaya nazo zishuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni na lisiingie kwenye umeme. Maji ya chumvi, umeme na watoto si mambo ya kuchezea.

Chakula na maradhi

Walishwe kidogo, mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili. Samaki mzima anaweza kukaa siku moja bila kula na asidhurike. Kushiba kwa watu wazima wa baharini hakufanani na kwetu. Kangaja na jamaa zake wapewe mwani, kwani hao huchunga mwambani mchana kutwa. Sikukuu, kopo la chakula lifungiwe kabatini.

Samaki mpya asitiwe moja kwa moja na wenzake. Atengwe katika tangi dogo lake peke yake kwa wiki 4 au zaidi, mpaka ijulikane kwamba ni mzima. Maradhi yanayojulikana zaidi ni ya vidoadoa vyeupe, kama chembe za chumvi zilizomwagika mwilini. Ni kidudu kinachonyonya ngozi na mashavu, kisha huanguka chini ya tangi, huzaana na kurudi kwa wingi. Vidoa vikitoweka mwenyewe hufurahi akidhani samaki amepona, kumbe vimekwenda kuzaa. Dawa yake yenye shaba hutumika katika lile tangi la kutengea tu, kwa vipimo, maana shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Kwa sababu hiyohiyo kifaa chochote cha shaba kisiingie katika maji hayo.

Mambo ya ndani ya nyumba

Dada zetu ndio watakaoyaona haya kabla ya mtu mwingine yeyote, basi tuyataje waziwazi. Dawa za kupulizia mbu na mende ni sumu kali kwa samaki, na pampu ya hewa huivuta hewa ya chumba na kuipeleka majini. Zisipulizwe chumba kilicho na tangi. Chetezo cha udi pia kiwekwe mbali. Mkono wenye mafuta, manukato au sabuni usiingie majini; uoshwe na kusuuzwa vizuri kwanza.

Jambo moja la hatari kwa watu, wala si kwa samaki tu. Mawe yaliyotoka baharini au tanginini yasichemshwe jikoni kwa nia ya kuyasafisha. Baadhi ya matumbawe laini yana sumu kali mno, na mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini, familia nzima. Mwenye kuyashika avae glavu, na mwenye kidonda mkononi aache.

Yaachwe baharini

Si kila kizuri ni cha kuchukuliwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu mwaka 1968, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchukua kitu, hata gamba. Nje ya hifadhi pia, kuvua samaki wa mapambo kwa biashara kuna vibali vyake, na matumbawe magumu yanalindwa kwa mkataba wa mataifa. Muulize muuzaji samaki wake wametoka wapi. Wale wadogo wakaao na anemoni siku hizi huzalishwa katika matangi. Hao ni wagumu, wamezoea, na hakuna mwamba uliopungukiwa kwa ajili yao. Yuko pia samaki mwembamba mwenye mstari wa buluu ambaye kazi yake ni kuwasafisha wenzake wadudu. Mwamba mzima hupanga foleni mbele yake. Huyo aachwe huko; ndani ya tangi mara nyingi hukonda na kufa, na mwambani anaacha wagonjwa bila tabibu.

Mtu atasema, nikishindwa nitawarudisha baharini, kama yule paka ambaye angeachiliwa. Hapa kuna tofauti. Samaki aliyekaa na wageni huenda akabeba maradhi yao. Tena mgeni aliyeachiliwa pasipo kwake huleta madhara makubwa. Wako samaki wa bahari yetu hii, wenye miiba ya sumu na mapezi kama mbawa, ambao leo wameenea katika bahari ya Karibi na kula vifaranga vya samaki wa huko, na inaaminika walianzia kwenye matangi ya wafugaji. Kwa hiyo mlango wa kuwaachilia tuuhesabu umefungwa. Ukishindwa, mtafute mfugaji mwenye uzoefu umkabidhi.

Nani atabeba?

Tumeona katika nyumba nyingi kwamba baba hununua, mtoto hushangilia siku tatu, na baada ya hapo mama ndiye anayebeba ndoo. Si uadilifu. Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, waketi wote watatu na kugawana: nani ataongeza maji asubuhi, nani atabadilisha Ijumaa, nani atalipa umeme, nani atakaa na samaki familia ikisafiri kwenda harusini Lamu. Na wahesabu miaka. Hao samaki wadogo wa anemoni wanaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kijana wa miaka 12 atakuwa mwanamume kabla hawajafa.

Tulimpa dada yetu ushauri huu. Ami atimize ahadi yake, kwani ahadi ni deni, lakini zawadi ianze na tangi lenye maji na mawe tu, bila samaki, pamoja na daftari. Kwa wiki sita kijana apime na kuandika kila siku: joto, chumvi, amonia, nitriti. Ikiwa ataandika bila ya kukumbushwa, samaki ni haki yake. Ikiwa atachoka wiki ya pili, alhamdulillah, hakuna kiumbe aliyekufa, na tangi litauzwa. Mwanafunzi wa hifdhi atalielewa hili upesi. Juzuu haikai kifuani kwa siku ile aliyoihitimisha na kupongezwa. Inakaa kwa kuirudia kila siku, wakati hakuna anayetazama.

Tangi letu lilikaa tupu mwaka mzima baada ya Idi ile. Leo lina samaki watatu tu, na pampu ya betri iko kando yake, imejaa. Mjukuu wetu ndiye mwenye daftari. Juzi umeme ulipokatika usiku alitangulia kuamka kabla yetu, akaiwasha pampu, akarudi kulala.

Wabillahi tawfiq.